Sura ya Nne: Shuka Mbili za Bluu Bahari

Ikifika wiki ya mwisho ya Mei, mafundi cherehani wa Kariakoo hujua kuwa kidato cha sita wamemaliza mtihani, hata kama hawana mtoto shuleni. Akina mama huingia mmoja mmoja, simu mkononi, wakisoma kwenye kioo: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, urefu wa kuishia magotini. Fundi akisikia "isiyo na zipu" hana haja ya kuuliza ni ya nini. Anauliza kambi.

"Mtabila, fundi. Huko Kasulu."

"Mh! Basi sweta usisahau, mama. Huko si Temeke."

Mama huyo hana jina katika sura hii kwa sababu si mmoja. Wapo wa namna yake kila mwaka, Dar es Salaam, Mwanza, Tanga, Mbeya, na wote wameshika orodha ile ile. Fulana ya kijani. Raba za michezo, za kijani au za bluu. Soksi ndefu nyeusi. Suti ya michezo. Nguo nzito kwa aliyepangiwa kambi ya baridi. Shuka mbili za rangi ya bluu bahari, na hapo ndipo mzunguko unapoanza, maana bluu bahari ya duka hili ni bluu ya mbingu kwa duka la pili, na muuzaji wa tatu anaapa kwamba ile zambarau yake ndiyo bahari yenyewe, wengine wote waongo. Kisha nyaraka: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne. Mwisho kabisa kuna mstari ambao mtu huupita haraka, halafu akarudi kuusoma taratibu: nauli ya kwenda na kurudi.

Tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) halimtaji mama. Linasema na mhitimu, mtu mzima wa miaka 18 au 19 anayeitikia wito kwa jina lake mwenyewe. Linampa tarehe ya kuripoti na jina la kambi, basi. Lakini mtu mzima huyo katoka bweni juzi na tranka lenye kufuli bovu, na pochi inayofunguka pale Kariakoo si yake. Siku za kujiandaa nazo ni za kuhesabu kwa vidole. Mtihani unaisha Mei, majina yanatoka yamepangwa shule kwa shule, na kabla Juni haijakolea anatakiwa awe ameshafika getini. Mama mjanja huomba mapema zamu yake ya mchezo wa upatu iangukie Mei. Asiyekuwa mjanja hukopa kwenye kikoba, akajieleza mbele ya wenzake, na wenzake wakacheka kwa sababu watatu kati yao wameleta ombi hilo hilo.

Hapa kuna kichekesho cha miaka, na ndicho kinachoufanya msimu huu wa Juni uwe mgumu kwa wazazi wa leo kuliko ulivyowahi kuwa kwa wazazi wao.

JKT lilizaliwa Julai 10, 1963, kwa wazo lililotoka Umoja wa Vijana wa TANU, na mwanzoni mtu alikwenda kwa kupenda. Mwaka 1966 sheria ikabadilishwa. Waliohitimu sekondari ya juu na vyuo wakawa hawana hiari. Wakaenda mwaka hadi mwaka mpaka 1994, serikali ilipositisha kwa ukata. Wa kujitolea walirudi mwaka 2001. Wale wa mujibu wa sheria, ambao mitaani sasa huitwa "mujibu" tu, walisubiri hadi Machi 2013, Rais Jakaya Kikwete alipouzindua upya utaratibu huo. Katikati pana shimo la karibu miaka 20.

Sasa tazama nani yumo shimoni. Mama wa Kariakoo alimaliza kidato cha sita mwaka 1999. Alitoka chumba cha mtihani akaenda nyumbani, akalala, akasuka, akasubiri matokeo. Hakuna aliyemwita popote. Mumewe vivyo hivyo. Wazazi wengi wanaofunga mabegi ya watoto wao miaka hii ni watu wa shimo hilo: wanampeleka mtoto mahali ambapo wao hawajawahi kulala hata usiku mmoja. Wakiulizwa "mama, kukoje?", hawana la kusema zaidi ya walichosikia.

Anayejua ni bibi.

Bibi alikuwa Makutupora, Dodoma, mwaka 1978, mwaka ule ambao majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Kwa muda wa miaka 40 hakuna mtu nyumbani aliyetaka kusikia habari za kombania yake, na wajukuu walikuwa wakinyanyuka taratibu kila anapoanza. Juni hii ndiye mtaalamu wa familia. Anakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, mjukuu chini, na anatoa mawaidha ambayo hayamo kwenye tangazo lolote. Raba mpya usiende nazo zikiwa mpya. Zivae wiki nzima nyumbani, ukafagie nazo, ukatekee maji, malengelenge yakutoke hapa hapa penye mafuta ya nazi. Chakula kikija, kula. Usingoje kipoe, maana filimbi haisubiri. Usiwe wa kwanza, mjukuu wangu, wala usiwe wa mwisho. Wa kwanza hupewa kazi, wa mwisho hupewa adhabu. Kaa katikati.

Mama anasikiliza kutoka jikoni. Ndiyo mara ya kwanza anayasikia haya kwa mama yake mzazi.

Si kwamba wasomi wa enzi za bibi walikwenda wote wakiimba. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu, wengine wamevaa majoho yao, waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti mapya: miezi mitano kambini, halafu miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja lilidai kwamba ukoloni ulikuwa nafuu. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akawafukuza, karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Vijana wakarudishwa makwao. Wengi walipokelewa tena chuoni mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha.

Katika masimulizi ya siku ile wamo wanafunzi na yumo Rais. Wazazi hawamo, ingawa wao ndio waliopokea mzigo. Katika nchi iliyokuwa na chuo kikuu kimoja, kijana wa chuo hakuwa mtoto wa baba na mama peke yao. Alikuwa shamba la ukoo, na mshahara wake wa kwanza ulishagawanywa kichwani na watu ambao hata hawajauona. Asilimia 60 iliyokatwa haikukatwa kwake peke yake. Mtu anaweza kuwaona wajomba wamekaa uani siku gari lilipomshusha, hakuna anayejua aanze kusema nini.

Leo hakuna mshahara wa kukatwa. Mafunzo ya mujibu ni ya miezi mitatu, si miaka miwili. Anayekwenda hajapata kazi wala chuo. Mgogoro wa pesa umehama ukaenda kukaa kwenye orodha ya Kariakoo na kwenye nauli, na mahali pake pamekuja jambo jingine ambalo wazazi wa 1966 hawakulijua sana, kwa sababu wao hawakuwa na simu ya kumpigia mtoto kila jioni: kimya.

Lakini kabla ya kimya kuna usiku wa kuamkia safari. Binti amekaa mkekani, kichwa kwenye mapaja ya mama, anafumuliwa rasta za mahafali. Kambini nywele hukatwa, wa kiume kwa wa kike, kwa hiyo hakuna maana ya kwenda nazo. Mama anafumua moja moja, anaziweka kwenye mfuko wa plastiki kana kwamba zitahitajika tena. Saa tatu za usiku zinapita hivyo. Wanaongea kuhusu harusi ya shangazi, kuhusu jirani aliyenunua bodaboda, kuhusu kila kitu isipokuwa kesho. Dada mdogo anauliza kama akiondoka anaweza kuhamia kitanda chake. Anakemewa, halafu inaonekana ni swali la haki.

Alfajiri wako Mbezi, kituo cha mabasi cha Magufuli. Kutoka hapo hadi Kasulu ni zaidi ya kilomita 1,000. Wa Makutupora siku hizi ana bahati, anaweza kupanda treni ya umeme akashuka Dodoma mchana ule ule. Wa Kigoma ana basi, au reli ya zamani yenye subira yake. Baba amesimama mikono mfukoni. Ameshauliza mara tatu, "Tiketi ipo?" Ipo. Anauliza tena. Mama amebeba chapati na mayai ya kuchemsha ya watu wanne.

Orodha ya kambi peke yake ni somo la jiografia. Rwamkoma, Mara. Msange, Tabora. Mafinga, Iringa. Mlale, Ruvuma. Nachingwea, Lindi. Oljoro, Arusha. Mgambo, Tanga. Bulombora, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mtoto wa Msasani anaweza kujikuta kwenye shamba la michikichi akishika jembe lenye mpini mrefu kuliko yeye. Nyumba nyingi hufungua ramani ya simu kwa mara ya kwanza siku ya majina kutoka. Na zipo nyumba ambazo baba huanza kupiga simu kumtafuta mkubwa fulani, aliyesoma naye au aliyetoka naye kijiji kimoja, ili mtoto ahamishiwe Ruvu, karibu na nyumbani. Nchini Nigeria, ambako utumishi wa vijana ulianzishwa Mei 1973, miaka mitatu baada ya vita vya Biafra, mhitimu hupelekwa kwa makusudi jimbo lisilo lake, na huko nako wazazi wana sifa ya kuhangaikia uhamisho. Ni hangaiko linaloeleweka. Lakini linamnyima mtoto kile ambacho tiketi ya Kasulu imekilipia, na mara nyingi mtoto mwenyewe hakuomba.

Kuna simu moja, hata hivyo, ambayo mzazi anapaswa kuipiga, na ndiyo ambayo wengi huiacha.

Mtoto mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye selimundu, hafai kufika getini na siri. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na selimundu, na maumivu ya ugonjwa huo huamshwa na mambo yale yale yanayopatikana kambini kwa wingi: baridi ya alfajiri, mbio, kiu, uchovu. Juni na Julai ni kipupwe. Mafinga saa kumi na moja asubuhi pumzi inaonekana ikitoka mdomoni. Mzazi aliyemlea mtoto huyo miaka 19 anajua dalili zake zote, anajua ni siku ngapi kabla macho hayajageuka manjano. Daktari wa kambi hajui. Kinachohitajika ni barua ya hospitali na vyeti vya kliniki kwenye bahasha ile ile ya cheti cha kuzaliwa, na kijana aambiwe waziwazi aitoe siku ya kwanza, asione haya. Kifafa ndicho hufichwa kuliko vyote. Familia huogopa maneno ya watu, mtoto anaondoka na dawa zilizofungwa ndani ya soksi nyeusi. Kwa upande wa wenye ulemavu wa kuonekana, tangazo lenyewe huwaelekeza Ruvu, mkoani Pwani, kambi yenye miundombinu ya kuwahudumia.

Basi likishaondoka, kimya kinaanza. Kambini si mahali pa simu. Ratiba inakula siku nzima: mchakamchaka kabla ya jua, kwata, usafi, shamba, darasa la uraia na uzalendo, silaha, ujanja wa porini, zamu ya lindo usiku. Namba ya binti haipatikani. Mama anapiga hata hivyo, jioni baada ya jioni, anasikiliza ile sauti ya mtandao mpaka mwisho.

Mzazi wa bweni hudhani ameshazoea. Mtoto alikuwa shule ya bweni miaka sita, nini kipya? Kipya ni kwamba shuleni kulikuwa na matroni, na siku ya kutembelewa, na mwalimu wa darasa aliyepokea simu. Mzazi alikuwa na pa kubisha hodi. Hapa hana, na hakusudiwi kuwa napo.

Watu wa pwani na wa kusini wana kumbukumbu ya jambo la namna hii, ingawa wengi wameacha kulifanya. Mwari alipoingia unyagoni hakufundwa na mama yake. Alifundwa na somo, na mama alikaa nje na udadisi wake. Vijana wa jando walipelekwa porini na mama hakupeleka hata maji. Kila mtu kijijini alijua kwamba kuna mambo ambayo mtoto hayasikii kwa anayempenda sana, na kwamba mama kukaa mbali nayo ilikuwa kazi, tena yenye miiko yake. Wazazi wa leo wameachiwa kazi hiyo bila miiko yoyote ya kuishika. Kwa hiyo wanashika simu.

Wiki ya tatu inaingia simu kwa namba ngeni.

"Mama, ni mimi. Nina dakika mbili."

"Mwanangu! Umekula?"

"Nimekula. Mama, sauti imekauka kwa kuimba chenja, siumwi. Msalimie bibi. Mwambie nipo katikati."

Imekatika. Mama anaipiga ile namba, inapokelewa na mtu mzima mwenye adabu anayesema kuruti ameshaondoka. Usiku ule anamweleza kila mtu mazungumzo ya dakika mbili kwa muda wa nusu saa, na bibi ndiye pekee anayecheka mahali panapostahili.

Namba ngeni zina hatari yake. Utapeli wa "mwanao ameanguka, amelazwa, tuma hela ya dawa haraka" umekwisha kuwaumiza wazazi wengi wa shule za bweni, na mzazi mwenye mtoto kambini, asiyeweza kumpata kwa simu, ni windo rahisi zaidi. Hapo ndipo bibi anapofaa tena. Kabla binti hajaondoka walipatana neno moja la siri, jina la mbuzi aliyekufa zamani. Asiyejua jina la mbuzi hatumiwi kitu.

Kisha inakuja Julai, na kazi ya mzazi inabadilika kutoka kungoja na kuwa ukarani.

Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kidato cha sita wakati vijana wenyewe wako gwarideni. Kwa mara ya kwanza, na pengine ya mwisho, mzazi anayaona matokeo ya mtoto kabla ya mtoto. Mama yuko kwenye daladala, simu inapakia ukurasa wa shule pole pole, vidole vinatetemeka, anatafuta namba ya mtihani aliyoiandika nyuma ya kitambulisho cha kanisa. Daraja la pili. Anapiga kigelegele ndani ya daladala. Abiria wanampongeza. Mwenye matokeo yuko kilomita elfu moja mbali, pengine anapalilia, hajui.

Baada ya furaha ile zinafuata karatasi. Dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa Julai hiyo hiyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo hupokea maombi katika miezi hii hii. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Inataka mdhamini, sahihi yake na picha yake. Inataka serikali ya mtaa igonge muhuri, na kamishna wa viapo naye agonge wake. Ndiyo maana tangazo la JKT liliwaambia vijana waende na vyeti vyao, na ndiyo maana miaka ya karibuni maofisa wa Bodi wamekuwa wakifika makambini kuwaelimisha juu ya maombi hayo. Hata hivyo, muhuri wa serikali ya mtaa wa Temeke hauko Kasulu, na mdhamini hayupo Kasulu.

Hivyo mama anajifunza lugha mpya. Anakaa kwenye benchi la steshenari pamoja na wazazi wengine, kila mmoja na bahasha ya kaki, wakimtazama kijana wa kompyuta mwenye haraka ambaye huuliza maswali ambayo hakuna mzazi anayeyajua. Kozi ya kwanza? Ya pili? Nywila? Mama anasema neno la siri analolijua ni la mbuzi. Mwenyekiti wa mtaa hayupo, amekwenda msibani, rudi kesho. Kesho yupo lakini muhuri uko kwa mtendaji. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi ya jina kwenye cheti cha kidato cha nne, jambo ambalo halikumsumbua mtu yeyote kwa miaka 19.

Kama kuna ushauri mmoja ambao mama wa Juni hupewa na mama wa mwaka jana, ni huu: yamalize haya kabla ya basi kuondoka. Vyeti vihakikiwe Aprili, wakati foleni ni fupi. Nakala zitolewe mbili mbili, moja iende na moja ibaki. Kozi ziandikwe kwenye daftari kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, kwa mpangilio anaoutaka, kwa sababu mzazi aliyeachiwa achague peke yake mwezi Julai huchagua kile ambacho yeye alitaka kusoma mwaka 1999. Yametokea. Kijana anarudi Septemba na bukta yake, anakuta ameombewa uhasibu.

Yote haya ni ya mujibu. Mlango wa kujitolea ni mwingine na wazazi wake ni wengine. Huyo anakwenda kwa miaka miwili, mara nyingi akiwa wa kidato cha nne au cha sita aliyekwama, na nyumbani wanatarajia jambo moja: ajira jeshini, polisi, magereza, uhamiaji. JKT hurudia kila mwaka, kwa maandishi, kwamba halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira, na kwamba nafasi zake haziuzwi. Maneno haya hayasikiki. Kila msimu yupo baba aliyeuza ng'ombe akampa mtu anayejiita afande, na afande huyo akazima simu.

Ugumu ni kwamba matumaini yale hayakutoka hewani. Ukuta wa Mererani unaozunguka machimbo ya tanzanite, zaidi ya kilomita 24, ulijengwa kwa miezi michache, na alipouzindua Aprili 2018 Rais John Magufuli aliagiza vijana wa JKT walioshiriki kuujenga waajiriwe. Habari kama hiyo hufika kijijini haraka kuliko tangazo. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2021, JKT liliwafukuza vijana 854 waliogoma wakitaka ajira na kutaka kuandamana hadi Ikulu ya Chamwino kumwona Rais. Miaka 55 kati ya maandamano haya na yale ya majoho, na safari ikaishia pale pale, mlangoni kwa mzazi, begi begani. Wa 1966 walikataa kuitwa. Wa 2021 walikataa kuachiliwa.

Mama wa Kariakoo ana mtoto wa mujibu, na miezi mitatu huisha. Siku ya kufunga mafunzo wazazi hualikwa. Asiyekuwa na nauli ya Kasulu hutumiwa picha. Mwenye nayo hukaa chini ya turubai, miwani usoni, akijaribu kumtambua wake kati ya mamia waliovaa sare moja na kunyolewa kichwa kimoja. Gwaride linapita. Mama anamwonyesha mumewe binti ambaye si wao. Wanampungia. Kisha wanamwona aliye wao, safu ya tatu, katikati kabisa, shingo imekauka, macho mbele, na hageuki hata baada ya mama kuita jina lake kwa sauti iliyowafanya maafande wawili wageuke. Wanakula kiapo. Mgeni rasmi anazungumza muda mrefu.

Nyumbani wiki ya kwanza ni ya maajabu. Binti anaamka saa kumi na moja bila kuitwa, anafagia uwanja wa jirani baada ya kumaliza wake, anajibu "ndiyo afande" baba akimwomba chumvi. Mdogo wake anarudi kwenye kitanda chake cha zamani bila vita. Baba anatembea mtaani akisimulia. Wiki ya pili godoro linaanza kushinda. Wiki ya tatu saa mbili asubuhi amelala, na baba ameacha kusimulia. Vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba, na kati ya hapo pana miezi ya kukaa tu, ambayo hakuna aliyeiandikia orodha.

Jibu la mkopo linakuja. Si lote waliloomba, lakini lipo. Chuo kinatuma maelekezo yake: godoro, ndoo, picha za pasipoti, ada ya awali. Mama anachukua simu na miwani, anaketi kitandani, anaanza kusoma kwa sauti kama alivyosoma Mei kwa fundi. Binti yuko sakafuni, begi limefunguliwa mbele yake. Shuka za bluu bahari zimefuliwa mara nyingi kiasi kwamba sasa rangi yake haina mjadala. Anazikunja ukingo kwa ukingo, pembe kwa pembe, anazipapasa kwa kiganja mpaka zinalala kama kitabu.

"Lete nikusaidie," mama anasema.

"Nimeshamaliza, mama," binti anajibu, na zipu inasikika ikifungwa.